Shukrani kwa mzee wa santuri, Leicester, Uingereza

Shikamoo mzee wangu. Jina sikukuuliza, nawe ulikuwa unafunga meza yako sokoni. Uliniona nimeishika santuri ya Foxtrot ya bendi ya roki ya Genesis, ile ya 1972, naigeuzageuza kutafuta bei, ukaniambia, "Chukua tu." Kisha ukainama ukaniongezea Selling England by the Pound ya 1973, jalada limechanika pembeni, limeshikizwa kwa selotepu.

Sikuwa nimezisikia tangu kanda zangu zilipoharibiwa na unyevu, miaka ishirini sasa. Jana usiku nikaweka sindano kwenye wimbo "Firth of Fifth", ulio kwenye santuri ile ya pili. Piano ya Tony Banks ikafungua, na gitaa la Steve Hackett lilipoanza kulia nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, machozi yananitoka.

Ahsante sana. Mungu akuzidishie.