Dirisha la Zamani: Anza na Nyufa, Kioo Baadaye

Swali la kwanza tunaloulizwa kuhusu madirisha ya zamani ni bei ya vioo viwili, yaani kioo juu ya kioo na hewa katikati. Jibu letu ni swali jingine: umeshapitisha udi?

Washa kijiti cha udi siku yenye upepo. Funga milango na madirisha yote, zima feni, kisha pitisha moshi polepole kwenye pindo zote za dirisha: panapokutana shata (sehemu ya dirisha inayofunguka) na fremu, kioo na puti (kinamo kinachoshikilia kioo), fremu na ukuta. Moshi ukiyumba ghafla au ukinyonywa, hewa inapenya hapo: tia alama kwa penseli. Halafu bana karatasi kati ya shata na fremu, funga komeo, uvute. Ikichomoka bila kukwama, mpira wa kuziba hapo haugusi, au hakuna mpira kabisa.

Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina mzunguko wa mita 4.8. Mwanya wa milimita 2 ukizunguka wote unafika sentimita za mraba 96, yaani karibu sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 10 kwa 10 na kuliacha wazi usiku na mchana. Kioo kipya, hata kiwe cha bei mbaya namna gani, hakizibi tundu hilo.

Kabla ya kununua mkanda wa kuziba, jua kwanza kwa nini shata halikai. Mara nyingi kosa ni rangi: zimepakwa tabaka juu ya tabaka hadi shata limenenepa na halizami tena kwenye fremu. Ikwangue mpaka shata lifunge bila kusukumwa. Rangi za miaka mingi zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, na watoto wasiwepo. Kosa la pili ni bawaba iliyolegea. Kwenye mbao, tundu la skrubu likishapanuka, lijaze vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, subiri ikauke, kata sawasawa na ukaze skrubu upya. Kosa la tatu ni kutu kwenye fremu za chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo ikianza chini ya kioo hukisukuma hadi kikapasuka, na mwenye nyumba akadhani kimepigwa jiwe. Isugue mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo urudishe puti.

Puti ya mafuta iliyokakamaa na kuachia nyufa ing'oe yote. Kuipaka mpya juu yake ni kazi bure. Mbao kavu ipake rangi ya msingi kwanza, la sivyo itafyonza mafuta ya puti na kuiacha ikivunjika kama chaki. Puti ikishajazwa, ngoja ijenge ngozi, kwa kawaida wiki moja hadi mbili, kisha paka rangi na uiruhusu iguse kioo kwa milimita 2 hivi. Msitari huo mwembamba ndio unaozuia maji ya mvua kupenya nyuma ya puti. Wapo wanaoukwangua ili kioo kionekane safi, na msimu unaofuata puti inabanduka.

Sasa pima mwanya. Kanda donge dogo la unga, lifunge kwa nailoni, liweke kwenye fremu na ufunge dirisha juu yake. Fungua, pima unene uliobaki. Rudia sehemu tano au sita, kwa sababu dirisha la zamani halina mwanya mmoja: juu huenda ni milimita 2, chini 5. Chagua mkanda ambao ukibanwa utapungua theluthi moja hadi nusu ya unene wake. Ukiwa mnene mno, utakuwa unalifunga dirisha kwa goti, na bawaba zitalegea tena.

Mkanda wa sponji ni rahisi kubandika, lakini hulala na kutoinuka tena baada ya muda mfupi. Mpira wenye tundu katikati hudumu zaidi. Madirisha ya kusukuma pembeni yanataka mkanda wa brashi, kwani mpira utasuguliwa mpaka uchanike. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke, na usivute mkanda wakati wa kubandika. Ukiuvuta, utajirudi na kuacha pembe wazi, na pembe ndizo zinazovuja kuliko kote.

Kati ya fremu na ukuta tumia silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hula chuma na haishiki vizuri kwenye saruji. Vile vitundu vidogo chini ya fremu za alumini usivizibe: vinatoa maji ya mvua. Na chumba chenye jiko la mkaa au gesi kibakishiwe njia ya hewa ya kudumu, maana hewa ya sumu ya moto haina harufu.

Nyufa zikiisha, angalia kinachokusumbua ni baridi au jua. Kioo kimoja cha ukubwa ule ule, nje na ndani pakitofautiana nyuzi 10, hupitisha wati 80 hivi. Jua kali likikipiga uso kwa uso, linaweza kuingiza zaidi ya wati 600, sawa na hita ndogo. Anayeteswa na joto la mchana akitumia fedha zake zote kwenye vioo viwili vya kawaida atabaki analalamika. Kivuli cha nje humfaa zaidi: shata za mbao zinazofungwa nje ya kioo, chandarua cha jua au pazia la nje. Pazia la ndani hupokea joto likiwa limeshaingia. Upande wa mashariki na magharibi, paa lililochomoza halisaidii sana, kwa kuwa jua huwa chini. Hapo kivuli kisimame wima. Filamu ya kubandika inafaa pia, ila nyeusi inayonyonya joto isiwekwe kwenye vioo viwili bila kuuliza mtengenezaji: kioo huchemka katikati, kingo zikabaki baridi, kikapasuka.

Kwa baridi, kioo cha pili upande wa ndani hupunguza upotevu kwa karibu nusu. Nafasi ya milimita 12 hadi 20 inatosha. Cha ndani kizibwe kuliko cha nje. Ikiwa kinyume, mvuke wa chumbani huingia katikati na kutoa jasho. Ukitumia akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo), acha milimita 2 hadi 3 za kutanuka kwa kila mita.

Vioo viwili vilivyofungwa kiwandani vikianza ukungu ndani, kizibo kimekufa. Hakuna dawa ya kuvisafisha, lakini fremu haina kosa. Agiza kioo tu. Pima upana juu, katikati na chini, urefu vivyo hivyo, pamoja na mishazari miwili, yaani kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Mishazari ikitofautiana zaidi ya milimita 5, fremu imepinda, na kioo cha mstatili hakitakaa mpaka inyooshwe.