YAH: Asidi ya tetrakloroauriki iliyoharibika kabla ya kutufikia

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tuliagiza kwenu chupa mbili za fuwele za asidi hii ya dhahabu, aina ya trihaidreti (yenye molekuli tatu za maji ndani ya fuwele), gramu moja kila chupa, usafi asilimia 99.99. Tulizifungua siku ileile zilipofika. Fuwele hizi zinatakiwa ziwe na rangi ya chungwa inayokaribia njano, na ukiitikisa chupa uzione zikitembea. Zenu zilikuwa zimegandamana ukutani mwa chupa kama sukari iliyolowa. Kizibo kilifunguka kwa kuguswa tu, na shingoni kulikuwa na pete ya zambarau. Aliyewahi kugusa kemikali hii bila glavu anaijua zambarau hiyo: ni dhahabu iliyokwisha kurudi kuwa metali.

Tulipowaandikia, mlitujibu kwamba "usafi haujabadilika". Jibu hilo limetuumiza kuliko chupa zenyewe. Ile 99.99 huhesabu metali nyingine zilizochanganyika na dhahabu, wala haihesabu maji. Sisi mezani tunapima uzito. Trihaidreti nzuri ina dhahabu karibu nusu ya uzito wake, na kemikali inayonyonya unyevunyevu kwa uroho namna hii, ikiachiwa hewa, unapima maji ukidhani umepima dhahabu. Tuliyeyusha sampuli, tukaitoa dhahabu yote kwa asidi ya oksaliki, tukachuja, tukachoma, tukapima: dhahabu ilikuwa asilimia 44 tu ya uzito. Kwa hiyo kila mmumunyo tulioandika kuwa una ukolezi wa milimola 1 kwa lita haukuwa nao.

Kazi yetu ni kutengeneza chembe nano za dhahabu, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zile zinazochora mstari mwekundu kwenye vipimo vya haraka. Mmumunyo ukichemka, tunatia sitreti, chumvi inayoigeuza dhahabu kuwa chembe hizo, na rangi inapaswa kutulia kwenye wekundu wa divai. Wa kwenu ulifika zambarau ukakwama hapo, na asubuhi tukakuta mashapo meusi chini ya chupa. Vyombo tulikuwa tumevisafisha kwa maji ya kifalme (mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki unaoyeyusha dhahabu) kama siku zote. Wiki nzima tulijilaumu wenyewe, tukarudia kuosha, tukabadilisha hadi maji, kumbe kosa lilikuja ndani ya boksi.

Na ndani ya boksi hilo mlituwekea kijiko kidogo cha chuma, kama zawadi. Kijana anayejifunza kwetu alikitumia kwa nia njema, kwani kimetoka kwa muuzaji. Ncha yake ilifunikwa na utando wa kahawia mbele ya macho yake. Chuma huinyang'anya kemikali hii dhahabu yake, kisha nacho huingia kwenye fuwele. Fuwele hizi huchotwa kwa plastiki, kioo au kauri. Muuzaji wa bidhaa hii hawezi kusema hajui.

Lebo yenu inasema tu "hifadhi pakavu". Haisemi kemikali ikingwe na mwanga, na chupa yenyewe ni ya kioo kisicho na rangi. Karatasi ya usalama haina hata mstari mmoja kuhusu amonia, ilhali mchanganyiko wa amonia na dhahabu ya namna hii unaweza kuzaa kemikali inayolipuka ikikauka, hata kwa kusuguliwa tu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, maana kuna maabara ambako mtu mmoja hufanya kazi peke yake na karatasi hiyo ndiyo mwalimu wake.

Naomba mtuletee chupa mbili mpya za kioo cha kahawia, kizibo kimezibwa kwa utepe, ndani ya mfuko usiopitisha hewa wenye silika jeli ya kunyonya unyevunyevu, pamoja na cheti kinachotaja kiwango cha dhahabu na si usafi peke yake. Karatasi ya usalama irekebishwe na itumwe kwa kila aliyenunua toleo hili, na kijiko kile kiondolewe kwenye maboksi yenu leo.

Chupa zenu tumezifunga kwa karatasi ya aluminiamu, ziko kwenye jokofu la kemikali pamoja na kijiko. Mabaki ya majaribio hatujamwaga. Mje mvichukue vyote.

Wenu,
Msimamizi wa Maabara