Barua ya wazi kwa wajukuu wanaopiga picha na vitabu

Wajukuu zangu,

Wewe uliyekuja likizo ya Desemba na wenzako wanne, pamoja na wengine wa rika lenu ambao nawaona kwenye kioo cha simu tu, mmeshika vitabu usawa wa kidevu: hamjambo? Mimi sijambo, ni magoti tu.

Naandika kwa sababu ya siku ile mliyoigeuza sebule yangu kuwa studio. Tanga, Desemba, saa nane mchana, jua la kuanika dagaa, nanyi mmevaa masweta ya shingo ndefu. Mmoja alijitia ndani ya koti la sufu la marehemu kaka yangu, alilorudi nalo kutoka masomoni Bulgaria na ambalo yeye mwenyewe hakulivaa tena mpaka anakufa. Mkafunga madirisha ili pawe na giza. Mkazima feni ili mshumaa usizimike. Kandili ya bibi yenu ikashushwa kutoka juu ya kabati. Mkachemsha chai, na wala si ya kunywa: mkachovya ndani yake karatasi mpya nyeupe ili zionekane zimekaa miaka mia. Halafu mkaanza kuchagua vitabu. Kamusi ilipita kwa unene wake. Kitabu cha sheria za ardhi, ambacho hata mimi sijakifungua tangu kesi ya shamba iishe, kilipita kwa kuwa kina jalada gumu na herufi za dhahabu. Shaaban Robert hakupita. Jalada lake ni la karatasi na limekunjika pembe, na mmoja wenu akasema, "Huyu anaharibu rangi."

Nilicheka, na bado nacheka. Lakini jioni, barazani kwenye kahawa, nilipowasimulia wazee wenzangu, mmoja akasema hiyo ni riya tupu, mtoto wa kusoma huonekana kwa kusoma. Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ambayo mtaiona mbele.

Mjukuu wangu aliniambia kwamba mtindo wenyewe una jina la Kiingereza, dark academia. Mimi nimeuita usomi wa gizani, naye akacheka mpaka akakaa chini. Alinieleza kwamba ulianza kidogo kidogo kwenye mtandao wa Tumblr, ukaja kushika moto TikTok na Instagram mwaka 2020, korona ilipofunga shule na vyuo. Hapo ndipo nilipouelewa. Kuna kijana wa Uingereza au Marekani amefungiwa chumbani, mhadhara anausikiliza akiwa kitandani, maktaba imetiwa kufuli. Basi akatoa koti kuukuu, akawasha mshumaa, akapanga vitabu vinne mezani, akajijengea chuo chake pale pale. Huyo simwiti mwenye riya. Huyo alikuwa amekosa kitu akakitamani, na kutamani chuo ni tamaa njema kuliko nyingi nilizoziona katika miaka yangu ya kufundisha. Kwamba mtindo huo unaonyesha usomi wa aina moja tu, wa Kizungu na wa wenye pesa, wenyewe huko wameshalalamika vya kutosha. Sina la kuongeza, isipokuwa jasho lenu nililiona.

Na jambo hili si geni. Karibu miaka elfu mbili iliyopita Seneca wa Roma aliwasema watu wanaonunua vitabu ili kupamba ukumbi wa kulia chakula. Wazee wa kahawa wangempenda sana. Mimi nampenda zaidi Petrarca, mshairi wa Italia. Mwaka 1354 alipata kitabu cha Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, kwa Kigiriki chenyewe, na Kigiriki hakukijua. Akamwandikia barua ya shukrani aliyempelekea, akakiri kwamba Homer kwake ni bubu, au pengine yeye ndiye kiziwi kwa Homer, ila hukikumbatia kitabu na kuvuta pumzi kwa huzuni. Angekuwa na simu, si angepiga picha? Lakini hakuishia kukumbatia. Yeye na rafiki yake Boccaccio walimpata mtu wa kukitafsiri kwa Kilatini, Leonzio Pilato, na kazi ikafanyika. Miaka ilipita kati ya kukikumbatia na kukisoma. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama pozi laweza kumfikisha mtu kwenye fasihi, jibu langu ni ndiyo, nimeona. Tena nimeona kwa macho yangu, kwa sababu aliyepiga pozi nilikuwa mimi.

Mwaka 1976 nilikuwa Chuo Kikuu, Mlimani. Simu za picha hazikuwepo, ila macho ya watu yalikuwepo. Heinemann wa London walikuwa wakitoa mfululizo wao wa waandishi wa Afrika tangu 1962, na riwaya zake zilikuwa na rangi ya chungwa inayoonekana toka ng'ambo ya barabara. Kijana aliyejiheshimu hakuvuka uwanja bila moja kwapani, jalada likitazama nje. Waliojiona wanamapinduzi zaidi walibeba kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika, kilichotoka 1972, na mwandishi wake alikuwa amefundisha pale pale Mlimani. Mimi nilibeba riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1967, ile ya punje ya ngano. Niliibeba wiki tatu. Niliibeba kwenye basi la UDA, niliibeba kantini, nadhani niliwahi kuibeba hata msibani. Nilikuwa nimesoma kurasa kama arobaini.

Kulikuwa na dada mmoja mpiga chapa katika ofisi niliyokuwa napeleka makaratasi yangu. Hakuwa mwanafunzi. Siku moja akakitazama kile kitabu, akaniuliza huku vidole viko kwenye mashine, "Eti nani alimsaliti Kihika?"

Mnielewe: Kihika ni mpigania uhuru aliyenyongwa, na kijiji kizima kinataka kujua aliyemuuza. Nilikuwa nimeona jina la Karanja, na Karanja anafanana kabisa na msaliti. Nikajibu kwa sauti ya mhadhiri, "Ni Karanja."

Akacheka kidogo, wala si kwa kejeli. Akasema, "Basi bado hujafika." Akaendelea kupiga chapa.

Sikulala usiku ule mpaka nikafika. Na nilipofika, nilipata aibu nyingine ambayo sikuitarajia, kwa kuwa ndani ya kitabu kile mna mtu ambaye kijiji kimemfanya shujaa kwa sababu ni mkimya, na kila anavyozidi kukaa kimya ndivyo wanavyozidi kumwona mkubwa. Mimi nami nilikuwa nimekaa kimya wiki tatu na kitabu kwapani. Sitawaambia zaidi.

Sasa njoo kwenu. Mlipoondoka mlisahau kitabu kimoja kwenye kochi, cha Donna Tartt, Mmarekani, cha mwaka 1992. Mjukuu wangu alisema hicho ndicho kama baba wa mtindo wote: wanafunzi wachache wanaosoma Kigiriki katika chuo kidogo cha Vermont, wamevaa vizuri, wanaongea vizuri. Kialamisho chenu kilikuwa karibu na mwanzo, na kilikuwa cha ua lililokaushwa, zuri sana. Nilikisoma usiku tatu, chini ya chandarua, na ile miwani yangu ya bei nafuu.

Wajukuu, mmekisoma? Ukurasa wa kwanza tu mwenzao ameshauawa na wao wenyewe ndio waliomuua. Anayesimulia, Richard, anatwambia mapema kabisa kwamba ugonjwa wake ni kutamani vitu vya kupendeza kama picha, kwa gharama yoyote. Anawaficha wenzake kwao, anajitungia utoto wa kitajiri. Kile kitabu kinawasema ninyi kwa majina! Mmempiga picha hakimu mkidhani ni rafiki wa familia. Nilipompigia simu mjukuu wangu nilimwuliza jambo moja: "Baba yake Richard anafanya kazi gani?" Kimya. Halafu: "Babu, nitakuambia kesho." Kesho yake usiku wa manane nikapata ujumbe: ana kituo cha mafuta. Ukafuata mwingine saa tisa. Ukafuata mwingine saa kumi na moja alfajiri, wote wa maneno makali kuhusu Henry, mmoja wa wale wanafunzi. Hakuna uliokuwa na picha.

Ndiyo maana barazani nilinyamaza. Wazee wenzangu wanadhani kijana akiacha pozi ndipo atasoma. Mimi pozi lilinipeleka mpaka mlangoni, na mpiga chapa akanisukuma ndani. Kilichokuwa kimepungua ni mtu wa kuniuliza. Mkipiga picha, wenzenu wanaandika "kali sana", "koti umelipata wapi?" Hakuna anayeandika, "Umefika ambapo mama anakataa kufungua mlango?" Kundi lenu ni la watu watano. Ulizaneni. Ila ulizaneni kama yule dada, si kama mimi nilivyokuwa nauliza darasani na chaki mkononi. Mtu akisema bado hajafika, mwacheni aende akafike. Asifanywe kichekesho, maana akichekwa atarudi kubeba tu, na safari hii atabeba kwa uangalifu zaidi.

Na tazameni hata huko TikTok, ni nini hasa kilichouza vitabu. Riwaya ya Madeline Miller kuhusu Achilles, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, ilitoka 2011, lakini mwaka 2021 ikarudi kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani, kwa sababu ya vijana waliojirekodi wakiilia. Kulia, macho mekundu, pua inavuja. Picha mbaya kabisa. Lakini aliyeona alijua huyu amefika mahali, akataka naye kufika.

Okot p'Bitek wa Uganda alimpa Lawino, mke wa msomi katika shairi lake refu, malalamiko marefu mwaka 1966, na mojawapo ni kwamba nyumba ya mumewe ni msitu mweusi wa vitabu. Lawino aliogopa kwamba mwanamume akiingia humo hatoki. Nikawaza angewaona ninyi angesema nini: msitu upo, na watu wanapiga picha ukingoni kisha wanarudi nyumbani salama. Nadhani angechanganyikiwa amlaumu nani.

Lipo na suala la vitabu vibaya vya sura. Hapa naomba mnivumilie.

Kitabu cha kwanza nilichokipenda maishani hakikuwa na jalada. Hakikuwa na kurasa za mwanzo wala za mwisho, maana mwenye duka la jirani alikuwa akifungia bizari. Nilikiomba kabla hajakimaliza. Ndani mlikuwa na maiti, na mtu mmoja aitwaye Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, anayevuta kiko na kufikiri. Nilikisoma mara nne au tano, kila mara nikifika pale karatasi zilipochanwa, bila kujua muuaji. Nikatengeneza kiko cha bua la mpapai, nikakaa nacho chini ya mwembe nikifikiri kwa niaba ya Bwana Msa. Hilo nalo pozi, mnaona? Ila lilikuja baada ya kitabu. Ilinichukua miaka kadhaa na safari moja ya Dar es Salaam kujua kwamba kile ni kitabu cha Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha mwaka 1960, na kusoma mwisho wake nimesimama dukani kwa kuwa pesa ya kununua sikuwa nayo. Kitabu kile hakikuweza kunipendezesha. Hakikuwa hata na jina la kumtajia mtu.

Kwa hiyo rudini kwenye kabati langu, mtafute mlivyovikataa. Mlikiweka kando kijitabu kimoja chembamba cha rangi ya maji ya mchele. Ni *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mnataka giza? Mnataka majumba yaliyohamwa, taa zilizozimika, buibui, makaburi? Vyote vimo, vya Pate, katika kisiwa kilicho pwani hii hii yetu, na mshairi anawaonyesha vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani za kauri, sasa wamelala makinda ya ndege. Lahaja ni ya kaskazini na ya zamani, mtakwama beti ya kwanza. Niulizeni. Hata mimi nilikwama.

Kuhusu pesa najua. Riwaya mpya ni ghali, na mitumba ya barabarani huleta inacholeta. Maktaba ya mkoa hapa Tanga ipo, jengo la tangu enzi za mkoloni, na mkitaka kupiga picha matao yake nayo si haba. Kachukueni vitabu kwanza.

Koti la kaka yangu nimeliosha na kulianika, mtalikuta. Kandili nimeitia utambi mpya. Feni msizime tena, mshumaa wekeni ndani ya glasi. Na juu ya friji nimewawekea kile kitabu cha 1976, rangi ya chungwa imefifia hata haipendezi, kurasa za katikati zimeachia gundi, mzishike vizuri. Atakayefika aje aniambie nani alimsaliti Kihika. Karanja si jibu. Nimeshalijaribu.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Tanga