Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kuta tatu

Wanachama wenzangu asalaam aleikum, na wengine habari zenu. Siku ya mkutano mkuu wengi hamkufika, mvua ile ilikuwa mvua kweli, so naandika hapa msome kwa nafasi. Maswali ya hela apelekewe mweka hazina, sio mimi.

Tulipanga kuchora viumbe wa baharini kwenye kuta tano hapa Tanga, tumechora tatu. Mbili zimekwama kwa wenyewe, mmoja alitaka jina la duka lake liwe kubwa kuliko samaki, tukaagana kwa amani.

Nnaotaka kuuongelea ni ule wa njia ya kushukia Deep Sea, kule kwa wavuvi. Vijana walimchora silikanti, yule samaki wa kale, picha wametoa kwenye simu, kesho yake tu wavuvi wakasimama wanacheka, mzee mmoja akasema huyo mmemchora samaki changu kanenepa! Akatuelekeza, mapezi ya silikanti yana nyama ndani, yamemtoka mwilini kama vijimkono, mkiani katikati ana kapezi kengine kadogo, na mwili una madoa meupe. Yeye kamshika kwa mikono yake, samaki kaingia kwenye wavu wa jarife uliotegwa maji marefu, sisi tumemuona kwenye kioo cha simu. Basi tukapiga praima, ile rangi ya msingi, upya tukaanza moja, mzee kakaa juu ya ndoo anatusimamia kama fundi mkuu, na nyama yake anasema msiitamani, mafuta matupu, inaharisha.

Tangu siku ile ukuta ule ni wa kwao. Akipita mgeni wanamsimamisha wenyewe wanamhadithia, samaki huyu wataalamu walidhani kaisha tangu enzi za dinosaria mpaka akapatikana Afrika Kusini 1938, na hapa Tanga kaanza kuonekana kwenye nyavu miaka ile ya 2003, 2004. Hifadhi yake ipo tangu 2009 lakini jamani tuseme ukweli, wengi wetu wa mjini tulikuwa tunaiona ni mambo ya serikali na watafiti, mimi nikiwemo.

Kuna hoja ililetwa tuchore nyangumi kama mchoraji Wyland wa Marekani, yule aliyeanza ukuta wa kwanza Laguna Beach 1981 akafika wa 100 Beijing 2008. Sina ugomvi na nyangumi, ila mi naona tumalize kwanza kasa, nguva na pweza, ambao kuna mtu mtaani atatukosoa.

Ukuta wa pili, wa kasa, umebanduka na kosa ni langu. Ukuta wa pwani umekula chumvi, unaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, unaachwa ukauke siku kadhaa, praima, ndo rangi. Mimi nikaharakisha kwasababu mgeni rasmi alikuwa anakuja, rangi ikapigwa juu ya unyevu, saa hizi kasa wetu ana mabaka kama ana ukoma.

Wa tatu ni matumbawe, nusu mazima nusu yamevunjwa na baruti za kuvulia samaki. Usiku mtu kapaka lami upande wa baruti tu. Kamati inataka tufute, mi nimeomba iachwe kwanza, maana watu wanasimama wanabishana pale mpaka saa za magharibi.

Mwakani tunarudia wa kasa, safari hii bila mgeni rasmi. Na mliobeba brashi kwenda nazo nyumbani, rudisheni.