Mdogo wako hakugeuka malaika

Mwanangu mpendwa,

Lile swali uliloniuliza siku ya wazazi, tumekaa chini ya mti karibu na bwalo, sikulijibu. Nilikufungulia chapati, nikajifanya natafuta chumvi. Ulisema, "Mama, mdogo wangu ni malaika sasa?" Leo usiku stima ipo, na nguo za wateja zitangoja hadi kesho. Nakujibu.

Hapana, mwanangu. Si malaika, wala hatakuwa.

Najua ulikolisikia. Siku tulipomzika makaburini Lang'ata, karibu kila aliyenishika mkono aliniambia Mungu alihitaji malaika mwingine. Walisema kwa upendo, na lugha yetu yenyewe inawasukuma huko: mtoto mchanga tunamwita malaika, na zile nywele laini za mwilini nazo ni malaika. Yeye alikuwa nazo tele mabegani, unakumbuka? Lakini neno lile lilinichoma. Nilizaa mtoto. Na Mungu anayezungukwa na majeshi ya malaika elfu kwa maelfu hakupungukiwa hata aje mtaani kwetu Umoja kuchukua wa kwangu.

Ndipo nikaanza kusoma. Asubuhi kabla soko la Gikomba halijachangamka, nafungua Biblia juu ya meza ya cherehani. Neno malaika, kwa Kiebrania na kwa Kigiriki, maana yake ni mjumbe. Augustino, yule askofu wa Hipo huku kwetu Afrika, alifundisha kwamba malaika ni jina la kazi, na asili yao ni roho. Waebrania 1:14 inasema vivyo hivyo: roho watumikao, wanaotumwa kuwahudumia watakaourithi wokovu. Wanatumwa kwa ajili yetu! Hapo nilisoma mara tatu.

Unakumbuka mabawa niliyokushonea ulipoigiza Gabrieli Krismasi ile? Waya wa kutundikia nguo, neti ya pazia, pamba, na vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano. Kumbe Luka hasemi popote kwamba Gabrieli alikuja kwa Mariamu na mabawa. Kaburini, Marko anataja kijana aliyevaa vazi jeupe. Wageni wa Ibrahimu waliketi chini ya mti wakala siagi, maziwa na nyama ya ndama. Miongoni mwa wenye mabawa ni maserafi, wale viumbe wa mbinguni wa Isaya sura ya 6, kila mmoja ana sita, na mimi fundi hapo nilisimama kabisa: mawili ya kufunika uso, mawili ya kufunika miguu, mawili tu ya kurukia. Manne katika sita ni ya kujisitiri mbele za Mungu. Tangu siku hiyo siwezi tena kuwaza malaika kama mapambo.

Ndiyo maana pia siwaombi wala siwasujudii. Yohana alijaribu kumwangukia mmoja miguuni, akakatazwa: "Angalia, usifanye hivi, mimi ni mjoli wako." Mjoli, yaani mtumishi mwenzako. Rafiki yangu wa kibanda cha pili ni Mkatoliki, na kila tarehe 2 Oktoba humkumbuka malaika wake mlinzi. Tunabishana kidogo, yeye ananisimulia habari za Rafaeli katika kitabu cha Tobiti, ambacho Biblia yangu haina. Lakini Yesu mwenyewe alisema malaika wa wadogo hawa siku zote huutazama uso wa Baba, kwa hiyo kwa hilo simkatalii.

Sasa sikiliza lililo kubwa. Yesu alisema katika ufufuo watu watakuwa kama malaika, akizungumzia kuoa na kuolewa. Kama, mwanangu, hakusema watageuka. Mwana wa Mungu hakutwaa asili ya malaika. Alitwaa yetu: akazaliwa, akanyonya, akalia, akazikwa, akafufuka na alama za misumari mikononi. Petro anaandika kwamba malaika wanatamani kuyachungulia mambo haya. Mikaeli aliyepigana na joka hakupewa kile alichopewa mdogo wako, Mwokozi aliyewahi kuwa mtoto mchanga kama yeye. Kwa nini basi nimtakie ashuke awe malaika?

Kazi yao kwake naijua. Iko Luka 16: Lazaro maskini alipokufa alichukuliwa na malaika mpaka kifuani mwa Ibrahimu. Usiku ule nilitoka wodini nimekunja shali yake mkononi, haina mtu ndani. Nilitembea hadi stejini nikiwa nimeishika vile vile, kana kwamba bado nambeba. Siku hizi nikikumbuka mikono yangu ile, naamini kulikuwa na mikono mingine. Walimbeba. Na anayengoja ufufuo huko ni yeye yule, na magoti yake, na jina tulilompa.

Nimekutumia sabuni, soksi jozi mbili na hela kidogo. Ukifunga shule tutaenda Lang'ata. Mvua imefuta jina lake msalabani, zimebaki herufi mbili. Nimenunua kopo dogo la rangi nyeusi na brashi nyembamba. Utaliandika wewe, mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu.

Mama yako