Risala ya wahitimu wa uuguzi na ukunga kwa mgeni rasmi: tone la kisiginoni

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa, Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Risala za mahafali huanza na idadi ya wahitimu na kuishia kwenye uhaba wa mabweni na maji. Hayo Mkuu wa Chuo ameyabeba kwenye taarifa yake. Sisi tumekubaliana kutumia dakika zetu kuzungumzia kisigino cha mtoto mchanga, na tone la damu yake linaloweza kufichua ugonjwa uliojificha.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwenzetu mmoja akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo alimpokea mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne ambaye hajaweza kukaa. Ulimi umejaa kinywani, kitovu kimetokeza, ngozi imekauka. Mama alisimulia kwamba miezi ya mwanzo majirani walikuwa wakimwonea wivu: mtoto halii, usiku kucha kimya, hata kunyonya mpaka aamshwe. "Umejaliwa mtoto mpole," walimwambia. Umanjano ulikaa wiki kadhaa, akashauriwa amwote jua la asubuhi. Kumbe tezi ya shingoni, thairoidi, ilikuwa haitoi homoni ya kutosha. Kidonge kimoja kwa siku cha levothairoksini, kikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, humwacha mtoto wa namna hiyo akue kama wenzake. Huyu alipoanza kumeza alichangamka, hata choo kikawa laini. Ila ile miezi ubongo ulioikosa hairudi.

Hatumlaumu aliyemzalisha. Mtoto yule alizaliwa na uzito mzuri na maneno "mtoto mzima" yakaandikwa kwenye kadi yake, kama ambavyo kila mmoja wetu angeandika. Magonjwa haya, mengi ya kurithi, hujificha. Mtoto mwenye fenilketonuria huzaliwa kama wengine. Tatizo ni kwamba amekosa kimeng'enya cha kuvunjavunja fenilalanini, sehemu ya protini iliyomo hata kwenye maziwa ya mama, nayo humrundikia mwilini ikaharibu ubongo. Mwenye galaktosemia maziwa ya mama yenyewe ndiyo sumu yake: anatapika, anapata manjano, na asipogundulika mapema anaweza kufa watu wakidhani ni maambukizi tu. Nasi tunaofundishwa kuhimiza unyonyeshaji, hilo lilitunyamazisha darasa zima.

Ndugu Mgeni Rasmi, fenilketonuria iligunduliwa mwaka 1934 na daktari Asbjørn Følling wa Norway, baada ya mama mmoja kukataa kuacha kuuliza kwa nini watoto wake wawili wana mkojo wenye harufu ya ajabu na akili zao hazikui. Lishe ya kuizuia ilipatikana miaka ya 1950. Lakini nani apewe lishe hiyo, kabla hajaharibika? Hapo ndipo alipoingia Robert Guthrie, mtaalamu wa bakteria wa Buffalo, Marekani, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na ulemavu wa akili, na katika ukoo wa mkewe kulikuwa na mtoto wa fenilketonuria aliyegundulika akiwa ameshapita mwaka mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kwamba damu ya kisiginoni ikidondoshwa kwenye karatasi nene na kukaushwa, inaweza kusafiri kwa posta hadi maabara. Huko kipande cha karatasi hiyo kiliwekwa kwenye sahani yenye bakteria; wakiota kukizunguka, fenilalanini imezidi. Siku hizi mashine moja hupima magonjwa zaidi ya 30 kwenye doa hilohilo, lakini sisi kilichotugusa ni ile karatasi.

Kwa sababu karatasi ile tunayo. Imo kwenye droo za kliniki zetu, tunaiita DBS, yaani doa la damu lililokaushwa. Kila mkunga hapa ameshamtoboa kisigino mtoto wa wiki 4 hadi 6 aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi ya VVU. Tunajua kupasha mguu joto kwanza, kutoboa pembeni na siyo katikati, kufuta tone la kwanza, kujaza duara bila kukandamiza, na kumwacha mama anyonyeshe ili mtoto asisikie sana maumivu. Kukausha, tunalaza mahali pakavu pasipo jua. Ujuzi upo, bodaboda za kubeba sampuli zipo.

Tunaomba basi, Ndugu Mgeni Rasmi, mkoa wako ufikirie kuanza kidogo: hospitali moja, magonjwa mawili. La kwanza thairoidi, kwa kuwa dawa yake ni kidonge. La pili selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, ambao hupimwa kwenye damu ileile, na nchi yetu, Tanzania, inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Huyo naye miezi ya mwanzo haonyeshi kitu. Akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini kabla nimonia haijamfikia. Damu ichukuliwe kwenye hudhurio la wiki ya kwanza, maana mama wengi hutoka wodini siku ya pili.

Mashine mtatafutiwa na wafadhili, watapiga nayo picha. Kinachotutia hofu ni majibu. Kadi iliyokaa maabara miezi mitatu ni sawa na kadi ambayo haikuchukuliwa. Kwa hiyo ombi letu kubwa ni mtu mmoja mwenye simu na salio, ambaye kazi yake ni kumpigia mama na kumwambia rudi leo, na asipopokea ampigie mhudumu wa afya wa kijiji chake.

Mezani kwako kuna kadi ndani ya mfuko wa nailoni. Saa 2 asubuhi msomaji wa risala hii alijitoboa kidole na kujaza maduara yote matano, sasa yamekauka. Tafadhali ishike kwenye kingo, katikati usipaguse.

Naomba kuwasilisha.