Barua kwa mwanangu: mwaka ambao hatukutuma kadi

Nagaoka, Japani, 11 Januari 2025

Mwanangu mpendwa Manka,

Natumaini umesharudi Dar salama na basi halikukuchosha mno. Najua barabara ya kutoka Moshi inavyokuwa wiki ya kwanza ya Januari, watu wote waliopanda nyumbani kwa Krismasi wanapoteremka kwa mkupuo.

Ujumbe wako wa mwaka mpya niliusoma. Umeuliza kwa nini safari hii hatukukutumia picha ya kadi yetu ya mwaka mpya, na kwa nini Jiichan, babu yako mzaa mama, uliyemwandikia heri ya mwaka mpya kwa Kijapani kizuri kabisa, alikujibu mstari mmoja tu kwamba huku ni baridi, ujitunze. Umeingiwa na wasiwasi kwamba umemkosea. Hujamkosea, mama. Nyumba yetu ina msiba mwaka huu, wa Bibi yako, mama yangu, na wewe hukuwahi kuuona mwaka wa namna hii, kwa sababu tangu uzaliwe hatukuwa tumefiwa na mtu wa karibu hivyo. Ningeweza kukueleza kwa simu, lakini tungeishia kulia wote wawili, ndiyo maana nimeona niandike.

Mwezi wa Novemba, mvua ilipoanza kuchanganyika na theluji, Jiichan alikuja kwetu baada ya chakula cha jioni akiwa na karatasi na kalamu. Akakaa kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye kipasha joto chini yake, akajifunika blanketi magotini, akaniuliza jina kamili la Bibi yako, linavyotamkwa, na umri aliofariki nao. Akanitamkisha jina mara kadhaa huku akiandika, akafuta, akaandika tena. Alipoondoka ndipo Mama yako aliponifahamisha kuwa mzee anaandaa kadi za kuwajulisha watu kwamba tumefiwa.

Unajua watu wa huku wanavyozichukulia kadi za mwaka mpya. Posta inaanza kuzipokea tarehe 15 Desemba, inazitunza, kisha inazimwaga zote asubuhi ya Januari mosi. Aliyefiwa ndani ya mwaka hatumi, na wenzake hawapaswi kumtumia. Kwa hiyo anatoa taarifa mapema, kabla watu hawajaanza kuandika za kwao. Nimekuwekea moja kwenye bahasha hii. Iangalie kwa utulivu. Maandishi ni ya kijivu, hayakukolezwa. Pembeni kuna ua la lotasi lisilo na rangi. Na ukisoma kuanzia juu mpaka chini hutaona nukta wala mkato, ndivyo desturi inavyotaka. Jina la Bibi liko kwa katakana, herufi za majina ya kigeni, likifuatiwa na umri wake, miaka 84, na mwezi wa Agosti. Chini kabisa kuna jina langu na la Mama yako.

Tangu Oktoba stempu ya kadi imepanda kutoka yeni 63 hadi 85, na majirani wengi wametangaza kwamba wanaachana kabisa na mambo ya kadi. Jiichan naye alichapisha zake mwenyewe, mbali na zetu. Akawatumia ndugu zake, wateja wake wa zamani, wanakijiji wenzake wa utotoni. Fikiria, mwanangu. Huko milimani kuna wazee ambao Afrika wameiona kwenye televisheni tu, na mwezi wa Novemba walipokea posta yenye jina la mwanamke wa Kilema, Kilimanjaro, wakatakiwa wasimpongeze Jiichan kwa mwaka mpya kwa sababu mwanamke huyo amefariki.

Nilimwambia Mama yako kwamba mimi nimeshamzika mama yangu. Misa imesomwa, matanga tumeanua, isale, ule mmea wetu wa Kichaga, imepandwa kaburini, na kanisa halinidai kingine. Akanijibu, "Wewe umemaliza na watu wa kwenu. Sisi hatujaanza." Sikuwa na la kusema tena.

Basi Desemba yetu ilikuwa hivyo. Usafi wa mwisho wa mwaka haukusamehewa hata kidogo. Mama alibandika zamu kwenye friji, mdogo wako akarithi bafu lako, mimi nikapewa feni ya jikoni na mafuta yake yaliyogandia. Lakini tulipomaliza, mlangoni hatukutundika ile kamba ya majani ya mpunga, wala hatukuweka mochi, keki za mchele, mbili zenye chungwa juu yake. Nilipita mtaani jioni ya tarehe 30, kila mlango umepambwa isipokuwa wetu na wa Jiichan. Mtu wa huku akiona hivyo anaelewa, naye hakuulizi kitu.

Krismasi tulikwenda misa ya usiku tarehe 24. Kanisa lilijaa Wafilipino na vijana wa Kivietnam wanaofanya kazi viwandani, wengi wao wako mbali na mama zao, na padri alisoma jina la Bibi katika nia za misa. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya kawaida na nikaingia kazini saa mbili. Miaka yote hii bado sijazoea kufanya kazi tarehe 25 Desemba, na sidhani kama nitazoea. Mchana, nikiwa na kikombe cha kahawa iliyoandikwa Kilimanjaro kwenye pakiti, nilihesabu saa nikajua Kilema ndiyo kwanza mnaamka, na kwamba Baba Mdogo wako anaelekea zizini.

Theluji iliingia sawasawa mwisho wa mwezi. Vinyunyizio vya barabarani vya maji ya kuyeyusha theluji vilifunguliwa, lami ikawa nyekundu kwa kutu ya maji ya visima kama ulivyozoea. Mdogo wako sasa anaweza lile koleo pana la kusukuma. Alfajiri ya tarehe 31 nilimkuta ameshafungua njia kutoka mlangoni kwetu hadi kwa Jiichan, mashavu yamemwiva, glavu zimelowa chepechepe. Hakuna aliyemtuma. Ile kazi ilikuwa yako.

Usiku wa mwaka tulikula kwa Baachan, mke wa Jiichan. Soba, zile tambi, ilikuwepo, ile ya kwetu inayochanganywa na mwani, na samoni wa kuchoma, maana mkoa wetu wa Niigata bila samoni mwaka haufungwi. Akapika na noppe, mchuzi wa magimbi na mboga. Hicho ndicho chakula kilichonifanya niipende familia hii nilipokuja kusoma, kwa sababu ya magimbi yake: nilipoyaona kwenye bakuli nilijua kuna kitu nitaweza kula. Noppe huliwa sikukuu na huliwa msibani. Safari hii Baachan hakuweka mayai mekundu ya samaki juu yake, wala kamaboko, ile ya samaki aliyesagwa, ya nyekundu na nyeupe. Kwa macho ya mgeni ni bakuli la mboga tu. Kabla hatujaanza kula aliteka bakuli dogo, akaliweka mbele ya picha ya Bibi kwenye kabati, ile aliyopigwa amekaa kwenye kigoda chini ya migomba. Jiichan anaipenda picha ile kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga, mwaka waliokuja kubariki ndoa yetu. Bibi alimpa kata ya mbege, akaipokea kwa mikono miwili na kuimaliza, ingawa tumbo lilimsumbua hadi asubuhi.

Karibu na saa sita usiku tulitembea hadi hekaluni, lile la Kibudha. Kwenye jinja, mahali pa ibada ya Kishinto, Jiichan hakwenda mwaka huu, alisema hekaluni inaruhusiwa. Kengele hupigwa mara 108, na watu hupanga foleni kwenye theluji kila mmoja apate kuivuta kamba. Mimi nilisali Salamu Maria yangu kimyakimya nilipofikiwa na zamu. Usinielewe vibaya. Imani yangu unaijua, na siku zote nimekufundisha usiichanganye. Lakini kusimama na mkwe wangu wa miaka karibu themanini kwenye baridi ya chini ya sifuri, aliyetoka kwa ajili ya mama yangu, niliona ni wajibu wangu kama mkwe na kama mtoto.

Asubuhi ya mosi ndiyo iliyokuwa ngumu, na zaidi kwa mdogo wako. Amezoea kukimbilia boksi la posta, kufungua mpira wa lile furushi na kutugawia kila mtu kadi zake, halafu kutunza zile zenye namba za bahati nasibu mpaka siku ya droo. Pikipiki ya posta ilipita. Alikwenda hivyohivyo. Akarudi na kadi moja, ya daktari wa meno, ambayo hutolewa na kompyuta. Akaiweka mezani akaniuliza, "Baba, Bibi anajua kwamba tumeacha kadi kwa ajili yake?" Nilimwambia ndiyo. Jiichan alimpa pesa ya mwaka mpya kama kawaida, ila safari hii katika bahasha nyeupe tupu isiyo na katuni, akasema ni ya kununulia vitabu. Yako ninayo mimi.

Saa kumi na dakika kumi jioni tulisimama. Unakumbuka saa hiyo mwaka jana, ya lile tetemeko: Dar ilikuwa saa nne asubuhi, ukapiga simu mfululizo tusipatikane, nasi tulikuwa nje uani na mablanketi, ardhi ikiyumba, simu zote zikilia king'ora, mtangazaji wa televisheni ya NHK akipaza sauti watu wa pwani wakimbie. Rasi ya Noto iko jirani zetu, na baadhi ya waliokufa siku ile walikuwa wamekaa na wageni wao wa sikukuu, wengine wametoka mbali kuja kuwaona wazazi, kama nyinyi mnavyopanda Kilimanjaro. Mwaka huu televisheni ilionyesha ibada ya kumbukumbu kutoka mji wa Wajima, watu wameinamisha vichwa. Nyumba nyingi sana za Ishikawa, mkoa wenye rasi ya Noto, zimepitisha mwaka mpya bila mapambo. Nilipowaona nilijisikia tuko pamoja nao, nikamwombea Bibi na marehemu wao.

Tarehe 2 na 3 tulikaa kwenye kotatsu na machungwa tukiangalia mbio za kupokezana za vyuo vikuu za Hakone, hizo msiba hauzizuii. Yule Mkenya Richard Etir wa Chuo cha Tokyo Kokusai alikimbia kipande cha pili akavunja rekodi, na Baachan akampigia makofi mpaka chai ikamwagika. Kwake yeye kila kijana wa Afrika Mashariki ni binamu yako. Mdogo wako alimalizia kazi ya shule ya kuandika kwa brashi, magazeti yametandazwa sebule nzima, akaharibu karatasi karibu zote kabla ya kupata moja iliyonyooka. Shule zimefunguliwa wiki hii.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu leo. Baada ya tarehe 7 Januari, wale waliojizuia kukutumia kadi ya mwaka mpya wanaruhusiwa kukuandikia salamu za kipindi cha baridi. Zimeanza kufika. Moja imetoka kwa mwalimu wako wa darasa la sita, ambaye sikujua hata kama Jiichan alimpelekea taarifa. Ameandika kwamba anakumbuka insha uliyosoma mbele ya wazazi kuhusu Bibi yako anayechuma kahawa, na anaomba tukufikishie pole. Nyingine ni ya mzee mmoja wa Tokamachi, rafiki wa Jiichan. Anasema mama yake pia alifia mbali naye, wakati yeye akifanya kazi za msimu Tokyo, na kwamba kumpoteza mama ukiwa ugenini anakujua kulivyo. Sijawahi kuonana naye. Nimemjibu leo asubuhi kwa mwandiko wangu mbovu wa Kijapani, na Mama yako amekataa kunisahihishia.

Kwa hiyo Jiichan mwandikie tena, lakini usitaje heri wala pongezi. Muulize theluji imefika kimo gani, mwambie Krismasi ya Kilema ilikwendaje, nani alikaa kwenye kiti cha Bibi na nani aligawa nyama. Mpigie picha kaburi, isale ionekane. Uandike kabla Februari haijaingia. Ukinitumia kwa simu nitaichapisha nimpelekee mkononi, maana barua ya posta kutoka Dar haitawahi.

Jambo la mwisho ni la kaburi lenyewe. Rambirambi aliyonipa Jiichan siku ninasafiri sikuigusa yote, na amesema iliyobaki iende kwenye kujengea. Muulize Baba Mdogo kama fundi ameshatoa hesabu ya saruji na vigae, na kama wataanza kabla ya mvua za Machi. Wakubaliane rangi mapema, sitaki wagombane kama ilivyokuwa kwa Babu. Nitatuma mwisho wa mwezi.

Mama yako anakusalimu sana. Mdogo wako anauliza kama mbuzi mweupe bado yupo.

Baba yako